Ngozi inayozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu virutubisho, krimu na losheni

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwenye kaunta ya duka la dawa. Wanaouliza ni kina mama waliovuka miaka 45, vijana wanaotaka kumnunulia mzazi zawadi, na wanaume pia, ingawa wao husubiri hadi wateja wengine waondoke. Nimeanza na ya msingi na kumalizia na hali maalumu. Jibu likigusa swali jingine, nimetaja namba yake.

## Ngozi na umri

1. Kwa nini ngozi inazeeka?

Sababu ya kwanza ni umri wenyewe. Ngozi imeshikiliwa kwa ndani na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kuanzia utu uzima kiasi chake hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Tezi za mafuta nazo hulegea, ndiyo maana ngozi ya mzee ni nyembamba na kavu. Kwa wanawake kuna hatua ya ghafla: homoni ya estrojeni inaposhuka wakati wa ukomo wa hedhi, karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi huweza kupotea ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Mama anayelalamika kwamba ngozi yake imebadilika ndani ya muda mfupi hatii chumvi.

Sababu ya pili inatoka nje, na kubwa kuliko zote ni jua, ikifuatiwa na sigara. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa uso wake uliokuwa dirishani ulijaa makunyanzi mazito, na ule mwingine ulionekana wa mtu mdogo zaidi. Kioo cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ile inayounguza, lakini miale ya UVA hupita na kuzama hadi kwenye kolajeni.

2. Si wanasema ngozi nyeusi haizeeki?

Inazeeka, ila kwa njia yake. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 tu ya miale ya UVB, wakati lile la ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24. Kwa hiyo makunyanzi yetu huchelewa. Kinachotangulia kwetu ni rangi kutolingana: madoa ya kahawia mashavuni na kwenye paji la uso, weusi kuzunguka macho, kisha mashavu kuporomoka.

Hili lina maana unaponunua. Krimu nyingi za "kurudisha ujana" zimebuniwa kwa ajili ya mikunjo midogo ya ngozi nyeupe. Ukiinunua kwa bei kubwa huku shida yako ni madoa, pesa imekwenda pasipo kazi.

3. Vijipele vyeusi vinavyoota mashavuni na shingoni ni ugonjwa?

Kama ni vidogo, laini, haviumi na vimeongezeka taratibu kadiri umri unavyosogea, kwa kawaida si ugonjwa wala haviambukizi. Vinatembea kwenye ukoo. Mara nyingi ukimtazama mama au shangazi utaviona. Usivikate kwa wembe, usivifunge uzi, na usipake dawa ya kuchoma sunzua: kovu jeusi litakalobaki linasumbua kuliko kijipele. Daktari wa ngozi anaweza kuviondoa ukitaka.

## Jua

4. Nina ngozi nyeusi. Nahitaji kweli losheni ya kukinga jua?

Ndiyo, hasa kama una madoa. Ushahidi mzuri zaidi tulio nao unatoka mji wa Nambour, Queensland, Australia. Watu wazima walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapake losheni kila siku, wengine wapake wanapotaka. Baada ya miaka minne na nusu waliopaka kila siku walikuwa na dalili za uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Hakuna kirutubisho cha kumeza ambacho kimewahi kupimwa namna hiyo na kufika hapo.

Wale walikuwa wengi wao weupe. Kwetu faida kubwa ni kwamba madoa hayaongezeki wala hayarudi. Unaweza kupaka seramu ya bei yoyote usiku; ukishinda juani bila kinga, doa litabaki palepale. Wenye melasma, yale madoa mapana ya mashavuni yanayowapata wengi wakati wa ujauzito, watafute losheni yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, na ndiyo inayozuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi.

5. Nipake ipi na kiasi gani?

Yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kinga ya jua, ya 30 au zaidi, na kwenye lebo pawe na alama kwamba inakinga UVA pia. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili inayojaza kidole cha shahada na cha kati. Wengi hupaka robo ya hapo, na kinga nayo hushuka sana. Unayefanya kazi nje, kama mama lishe, mwendesha bodaboda au mkulima, rudia kila baada ya saa mbili na baada ya kutoka jasho jingi. Usiiache chupa ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto huiharibu.

6. Losheni ni ghali, siimudu kila mwezi. Je?

Basi anza na nguo. Kofia ya pama, mwavuli, mtandio mzito na mikono mirefu vinakinga vizuri na havihitaji kurudiwa. Kazi za juani zikiwezekana zifanyike kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo ningeweka kofia mbele ya krimu yoyote iliyopo dukani, na losheni kidogo unayoimudu ipakwe usoni tu.

## Virutubisho vya kumeza

7. Poda ya kolajeni inafanya kazi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa sababu kopo moja linaweza kula sehemu kubwa ya mshahara.

Kolajeni unayokunywa haiendi moja kwa moja usoni. Tumbo na utumbo huivunja kama protini nyingine yoyote, ikawa asidi za amino na vipande vidogo vidogo. Wauzaji husema vipande hivyo huiamsha ngozi itengeneze kolajeni yake. Yapo majaribio yaliyoonyesha ngozi kuwa na unyevu zaidi baada ya wiki 8 hadi 12, kwa dozi za kati ya gramu 2.5 na 10 kwa siku. Ila mengi yamelipiwa na kampuni zinazouza kolajeni. Mwaka 2025 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 23. Yote yakihesabiwa pamoja, faida ilionekana. Yalipotengwa yale ambayo hayakupokea fedha za kampuni, faida haikuonekana: si kwenye unyevu, si kwenye mnyumbuko, si kwenye makunyanzi.

Kwa watu wengi haina madhara makubwa. Lakini nikiulizwa na mama anayebana bajeti ya nyumbani ili aipate, jibu langu ni asinunue. Mayai, maharage, dagaa na maziwa vina protini ileile ambayo mwili unaihitaji, na vinalisha nyumba nzima.

8. Na supu ya makongoro?

Ina kolajeni nyingi, na ule mgando unaouona ikipoa ndiyo yenyewe ikiwa imegeuka gelatini. Hupitia njia ileile ya tumbo iliyoelezwa kwenye swali la 7. Inyweni kwa sababu ni tamu na ni protini. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi.

9. Vitamini C husaidia kolajeni, sivyo?

Ni kweli, bila vitamini C mwili hauwezi kufunga nyuzi za kolajeni vizuri. Lakini mahitaji ni miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume kwa siku, na pera moja la ukubwa wa kawaida hutosha kuyafikisha. Ubuyu, maembe, machungwa na mapapai yako sokoni. Kidonge cha miligramu 1,000 hakijengi kolajeni mara kumi zaidi. Ziada hutoka kwenye mkojo, na kwa wanaume dozi kubwa za muda mrefu zimehusishwa na mawe kwenye figo.

10. Vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" je?

Kiungo chake kikuu huwa ni biotini, vitamini ya kundi B, na upungufu wa biotini ni nadra kwa mtu anayekula vizuri. Kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaisemi: biotini nyingi huvuruga vipimo vya maabara. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba inaweza kupotosha majibu, yakiwemo ya kipimo cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo, na ya homoni za tezi la shingo. Ukiwa unavimeza, mwambie daktari kabla hujatolewa damu.

11. Vitamini A, vitamini E na beta-karotini?

Hapa ziada ina madhara. Vitamini A hulimbikizwa kwenye ini, haitoki kwa mkojo. Beta-karotini ilijaribiwa Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliopewa vidonge walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Mvutaji asivimeze kabisa. Karoti, mchicha na viazi lishe havina shida hiyo. Vitamini E ya dozi kubwa huongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

12. Sindano na dripu za glutathioni zinarudisha ujana?

Usikubali. Zinauzwa kwa jina la kung'arisha na kurudisha ujana, wakati sindano hizo hazijathibitishwa kwa kazi hiyo. Huko Ufilipino, ambako biashara hii ilishamiri mapema, mamlaka ya dawa imeonya hadharani juu ya madhara kwa figo, ini na mzio mkali wa ngozi. Ongeza hapo hatari ya sindano inayochomwa saluni na mtu asiye na mafunzo.

13. Hakuna kirutubisho chochote unachoshauri?

Kipo pale penye upungufu. Mzee anayekula uji na chai tu anahitaji protini kabla ya kidonge chochote. Kipimo kinachopendekezwa kwa wazee ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kama figo zake ni nzima. Mwenye upungufu wa damu apimwe kwanza, halafu apewe madini ya chuma. Mzee asiyetoka ndani anaweza kuhitaji vitamini D. Na ndugu walioko Uingereza wenye ngozi nyeusi wanashauriwa na huduma ya afya ya huko wafikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, kwa kuwa jua la kule halitoshi.

14. Kolajeni na vidonge vya jeli ni halali?

Inategemea mnyama. Kolajeni hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, nguruwe au samaki, na ganda laini la vidonge vingi ni gelatini. Soma lebo: kama haitaji mnyama wala haina alama ya halali inayotambulika, chukulia kwamba hujui. Ya samaki huondoa shaka hiyo, ila si kwa mwenye mzio wa samaki.

15. Natumia dawa za kila siku. Naweza kuongeza virutubisho?

Uliza kwanza, kila mara, hata kama kopo limeandikwa "asilia". Mifano miwili inatokea mara nyingi. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir, ambazo ndizo wengi wanatumia sasa, asimeze vidonge vya kalisi, chuma au zinki kwa wakati mmoja na dawa akiwa hajala. Madini hayo huinasa dawa tumboni isiingie mwilini. Ameze dawa saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu, vitamini E au vitamini K bila daktari wake kujua.

## Krimu na mafuta ya kupaka

16. Krimu ipi imethibitishwa dhidi ya uzee wa ngozi?

Baada ya kinga ya jua, ni jamii ya retinoidi, zinazotokana na vitamini A. Iliyopimwa zaidi ni tretinoini. Ilianza kama dawa ya chunusi mikononi mwa daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kisha yeye na wenzake wakaona wagonjwa waliokuwa watu wazima wanasifu ngozi zao kulainika. Mwaka 1986 walichapisha matokeo juu ya ngozi iliyoharibiwa na jua, na mwaka 1995 FDA ikaidhinisha krimu ya tretinoini kwa matumizi hayo. Hupunguza mikunjo midogo na madoa, lakini hutaka subira ya miezi 3 hadi 6. Ni dawa ya cheti. Retinoli inayouzwa bila cheti ni ndugu yake aliye mpole na dhaifu zaidi.

17. Nimeianza, uso unawaka na kubanduka. Niache?

Punguza kwanza. Kwenye ngozi nyeusi muwasho wenyewe huacha madoa mapya, kwa hiyo ile kauli ya kuvumilia maumivu ili upone haifai hapa. Tumia kiasi cha punje ya choroko kwa uso wote, usiku, siku 2 kwa wiki, juu ya uso uliokauka, na kabla yake upake losheni ya kawaida. Ongeza siku taratibu. Ukipata malengelenge au uvimbe, acha umwone daktari. Asubuhi kinga ya jua ni lazima (swali la 5). Wajawazito wasome swali la 22.

18. Shida yangu ni madoa tu, nina ngozi inayowasha haraka.

Anza na niasinamidi, aina ya vitamini B3 ya kupaka, ya asilimia 4 au 5, ni pole na haina gharama kubwa. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni nzuri kwa madoa na chunusi za ukubwani. Seramu ya vitamini C inafaa pia, lakini katika joto letu huharibika haraka. Ikishageuka rangi ya kahawia kama chai, itupe.

19. Mafuta ya nazi, Vaseline, liwa na manjano je?

Kwa ukavu, ambao ndio kero kubwa ya ngozi ya mzee, jeli ya petroli haina mpinzani kwa bei yake. Hailishi ngozi, inafunga maji yasitoke. Ipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanajikausha kabisa, wanakaa, ndipo wanapaka. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, hasa Juni na Julai kule Njombe, Iringa na Limuru ambako baridi hukausha miguu hadi ikapasuka. Mafuta ya nazi na siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda hulainisha vizuri, ila usoni huweza kuziba vinyweleo kwa mwenye chunusi.

Liwa, manjano na singo ni urembo wa pwani wenye heshima yake, na hakuna sababu ya kuuacha. Visuguliwe kwa upole tu, visizidi, kwa sababu ngozi nyembamba ya mtu mzima huchubuka.

20. Limau na magadi ya kuokea huondoa madoa?

Hapana. Limau lina asidi kali, na maji yake yakipigwa na jua kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na alama nyeusi zinazokaa miezi. Magadi huharibu asidi ya asili inayoilinda ngozi.

21. Nilipewa krimu isiyo na lebo, ndani ya wiki mbili uso uling'aa na makunyanzi yakapotea. Ni salama?

Tafadhali acha kuitumia usoni na usome jibu hili lote. Mabadiliko ya haraka kiasi hicho mara nyingi yanatokana na mojawapo ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja, ndani ya mkorogo.

Steroidi kali, kama *clobetasol* na *betamethasone*, hutuliza muwasho na kuipausha ngozi ikaonekana nyororo. Miezi ikipita ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, vidonda hugoma kupona, na sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda. Yaani unapaka uzee ukidhani unauondoa. Haidrokwinoni huleta weupe kwanza, kisha kwa matumizi ya muda mrefu weusi wa bluu kwenye mashavu ambao ni mgumu mno kuutoa. Ugonjwa huo ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Zebaki huharibu figo na neva, na hupita kwenye taulo na mito hadi kwa watoto wa nyumbani. Kwenye lebo hujificha kwa majina kama *calomel*, *mercurio* au *mercurous chloride*, au onyo kwamba krimu isiguse vito vya dhahabu na fedha. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kufuta hata kiasi hicho.

Kama umeitumia mwili mzima kwa miezi mingi, usiikate ghafla bila msaada. Mwili unaweza kuwa umeizoea steroidi, na kuacha kwa mara moja huleta uchovu mkali na uso kuwaka. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Beba kopo lenyewe uende nalo, hakuna atakayekugombeza. Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu Julai 2019, Kenya viko chini ya shirika la viwango la huko, KEBS, na bidhaa ya namna hii inaweza kuripotiwa huko.

## Hali maalumu

22. Nina mimba au nanyonyesha.

Acha tretinoini na retinoli. Usimeze vitamini A zaidi ya IU 10,000 kwa siku, kwani imehusishwa na kasoro kwa mtoto tumboni. Mikorogo ya swali la 21 haifai kabisa. Asidi ya azelaiki, niasinamidi, kinga ya jua na jeli ya petroli ni salama. Melasma ya ujauzito mara nyingi hufifia yenyewe baada ya kujifungua.

23. Nina ualbino. Ushauri huu unanihusu?

Kwako kinga ya jua ni suala la uhai, si la urembo, kwa sababu saratani ya ngozi huweza kuanza ukiwa kijana. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ndiko ilikozaliwa losheni ya KiliSun iliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu kuhusu losheni za msaada, na ukaguliwe ngozi mara kwa mara hata kama huoni tatizo.

24. Mama yangu mzee anawashwa mwili mzima, lakini sioni vipele.

Jaribu kwanza mambo ya swali la 19 kwa wiki mbili, na ubadilishe sabuni kali. Kama anaendelea kuwashwa, hasa usiku, au anapungua uzito, apimwe figo, ini, sukari, tezi la shingo na damu. Kama na wengine nyumbani wanajikuna, fikiria upele wa utitiri.

25. Doa gani nisilichukulie kuwa la uzee?

Linalokua, linalobadilika umbo au rangi, linalotoa damu, au kidonda kisichopona kwa mwezi. Kwa watu weusi saratani hatari ya melanoma hupenda kuanzia mahali jua halifiki: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Mzee anapooga, au unapompaka mafuta, mtazame nyayo na katikati ya vidole. Ukiona doa jeusi jipya au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, lipige picha kando ya rula na uende naye hospitali wiki hiyohiyo.